Maji ya Buluu ya Shemasi Barthélemy

Likasi, 11 Agosti 2025

Kambo mpenzi,

Nakusalimu sana. Sisi hapa tu wazima, ila baridi na vumbi la mwezi huu vimetupasua midomo. Umeuliza kwa Mama Viviane kwa nini sikupigii simu. Kambo, simu ya nyumbani ni ya Papa, na Papa akiongea na wewe anaweka sauti kubwa ili majirani wote wajue kwamba mama yake bado yuko hai. Mimi nikijua watu wananisikiliza, maneno yanaisha. Kwenye mtihani wa mdomo wa kumaliza shule nilisimama mbele ya mwalimu kimya mpaka akaniletea kiti. Kwa hiyo nitakuandikia, na Mama Viviane atabeba barua kila akija kuuza samaki. Nisamehe zikinuka.

Habari kubwa ni ya kanisa. Unajua wanaume walikuwa wanajenga bwawa la ubatizo uani, ili tusitembee tena mpaka mtoni. Pasteri Théodore aliota mji wa mbinguni wenye kuta za vito, akasema bwawa letu lazima lifanane nao. Vijana wakapanda kilimani, wakaleta mawe ya kijani, yale ya shaba ambayo mafundi wanayachonga mayai ya kuwauzia wageni. Wakayapanga bwawa zima, chini na pembeni. Ila saruji iliyachafua, yakawa kama meno ya mvuta tumbaku. Papa, kwa kuwa ni shemasi, akapewa wiki nzima ayasugue kwa brashi na mchanga.

Kambo, Papa alimaliza asubuhi moja. Mawe yakang'aa. Akajaza maji ya kisima, na maji yakawa ya buluu, buluu ya kitenge kipya kabla hakijafuliwa. Pasteri alipofika kukagua alipiga magoti palepale kwenye matope. Jana ibada iliisha jua likizama.

Papa sasa anaitwa Mlinzi wa Bwawa. Amepewa kiti chenye mto, mbele kabisa, karibu na kinanda. Ubatizo utakuwa tarehe 14 Septemba, na Pasteri ametangaza kwamba kila anayebatizwa atakunywa kwanza kikombe kizima cha maji yale. Watu wengine hawangoji, wanayachota kwa chupa.

Mimi maji yale siyapendi. Bado sijui kwa nini.

Mjukuu wako,
Hadassa


Mwadingusha, 15 Agosti 2025

Hadassa mjukuu wangu,

Barua yako ilinuka samaki, nikaona imejisikia nyumbani. Goti langu la kushoto bado linaniamsha kabla ya jogoo. Mengine ni mazima.

Mama Viviane aliniletea pia chupa ya maji yenu. Anasema Pasteri anawatumia mama wote wazee. Nimeiweka juu ya kabati. Inapendeza kuangalia. Sijaigusa.

Baba yako nimemzaa mimi. Alipokuwa mdogo nilimtuma mtoni kuosha sufuria iliyoungua. Akarudi mikono mitupu, akaniambia mto umeichukua. Leo unaniambia kazi ya wiki ameimaliza asubuhi moja. Mtu aliyesugua mawe, suruali yake inaonyesha magotini. Kaangalie suruali yake.

Kambo wako,
Émérence


Likasi, 18 Agosti 2025

Mama yangu mheshimiwa,

Mimi mwanao Barthélemy, Mlinzi wa Bwawa, nakusalimu katika jina la Bwana. Bila shaka umesikia mambo yaliyotendeka kwa mikono yangu. Sitaki kujisifu. Mtu akitumiwa, ametumiwa.

Nina ombi dogo. Naomba unitumie ile suruali ya kijivu ya marehemu Papa. Yangu ya Jumapili imeliwa na mende, na mtu anayekaa mbele hawezi kukaa hivi hivi.

Mwanao mtiifu,
Barthélemy


Mwadingusha, 22 Agosti 2025

Barthélemy,

Suruali naituma. Imelala sandukuni tangu tulipomzika baba yako, na hakuna mende aliyeigusa. Mende wa Likasi wana chuki gani na suruali yako, halafu shati wanaliacha?

Mama yako


Likasi, 25 Agosti 2025

Kambo mpenzi,

Nimeiangalia suruali. Mama alikuwa ameshaanza kuikata matambara. Magotini ni nzima kabisa, lakini mapajani ina matundu madogo madogo, na kingo zake zimeungua rangi ya kahawia. Mende hawaunguzi nguo.

Halafu nimefanya jambo, na limeharibika. Naomba usicheke.

Shuleni nilisoma kemia, unajua. Mwalimu wetu alituonyesha kwamba maji yenye shaba, ukitia msumari wa chuma, shaba inatoka majini na kujibandika juu ya msumari, ukawa mwekundu. Nikasema, hii njia ni nzuri, kwa kuwa msumari ndio utakaoongea na mimi nitanyamaza. Jumatano nikachota glasi moja bwawani, nikaipeleka kwa Mama Carmel, mke wa Pasteri. Nikatia msumari. Tukangoja. Ukawa mwekundu, unang'aa vizuri. Nikamwangalia Mama Carmel ili aelewe.

Alielewa vibaya. Alipiga kelele mpaka kuku wakaruka ukuta. "Théodore! Kuya uone! Chuma kimekuwa dhahabu!"

Pasteri akaja na povu la sabuni bado shavuni, alikuwa ananyoa ndevu. Akaushika msumari, akaubusu. Nilitaka kusema "shaba". Kambo, neno lilifika mpaka hapa, kwenye meno. Pasteri akaniwekea mkono kichwani: "Huyu mutoto ananyamaza, lakini Mungu anamutumia."

Kesho yake kulikuwa na mstari barabarani. Watu wameleta visu, majembe, vijiko, mwingine panga. Papa Octave alitia ufunguo wa gari lake, ukawa mwekundu, na sasa gari haliwaki. Anasema hajali, anatembea kwa miguu na ufunguo shingoni.

Wanaokunywa wanatapika. Pasteri anasema ni mapepo yanatoka. Kambo, hayo si mapepo, ni tumbo. Shaba ikiwa nyingi majini tumbo linaikataa, na ikiendelea inaharibu ini. Siku ya ubatizo kuna wazee, kuna na vijana wadogo wa miaka kumi na miwili, na kila mmoja atapewa kikombe kizima. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tafadhali ile chupa usiiguse.

Hadassa


Mwadingusha, 29 Agosti 2025

Hadassa mjukuu wangu,

Sikucheka. Niliweka barua chini kidogo, nikaichukua tena.

Chupa sijaigusa, nimeshakuambia. Ila kuna jirani yangu mmoja hapa, mama mzee kama mimi, ambaye naye aliletewa chupa. Yeye alikunywa kidogo kwa ajili ya goti, akalala karibu na choo. Goti halikupona. Kilichobaki alioshea nywele, kwa sababu alisikia ni maji ya baraka na nywele zake ni nyeupe nzuri, watu wanamsifu. Aliosha siku nyingi mfululizo. Sasa jirani huyo anauliza kama shuleni walikufundisha maji gani yanaweza kugeuza nywele za mtu kuwa za kijani.

Anauliza pia kama inatoka kwa ndimu. Ndimu amejaribu. Haikutoka.

Mwambie mtu mkubwa. Usipoweza kusema na Pasteri, anza na baba yako. Yeye hawezi kukufukuza, nyumba ni ya mama yako.

Kambo wako,
Émérence


Likasi, 1 Septemba 2025

Kambo mpenzi,

Mwambie jirani ni shaba ileile. Nywele nyeupe zinaivuta. Haitoki kwa ndimu. Mpe pole sana.

Nimezungumza na Papa. Nilikuta bidoni, dumu la njano, nyuma ya kabati la kanzu za kwaya. Nikafungua kifuniko, harufu ikanichoma pua mpaka machozi. Ni asidi, ile ambayo mafundi wa vigae wanatumia kutoa saruji. Nikaibeba tupu mpaka nyumbani, nikaiweka mbele yake akiwa anakula bukari.

Akaacha kutafuna. "Hadassa, funga mulango."

Nikafunga.

"Ilikuwa kidogo tu," akasema.

"Bidoni nzima, Papa?"

"Bidoni ndogo."

"Imeandikwa litre ishirini."

"Haikujaa sana." Akasukuma sahani. "Sikia, mutoto wangu. Minye niko na mugongo mubaya, unajua. Nikamwaga, ikachemka povu, mawe yakatoka safi. Nikasema asante Mungu. Nikatia maji, yakageuka. Nilitaka kuyatoa mbio mbio. Pasteri akaingia. Nilitaka kusema! Lakini alikuwa amesha piga magoti. Weye muntu akipiga magoti mbele yako na machozi, utamwambia ni asidi?"

Hapo alisema kweli, Kambo. Mimi pia nisingeweza.

Nikamweleza kilichotokea. Jiwe lile lina shaba ndani yake, lakini imefungwa. Kilimani limenyeshewa mvua tangu zamani na halikumdhuru mtu, hata maua yanaota kandokando yake. Sisi tumelitoa huko, tumelimwagia asidi, tumelifungua. Shaba imetoka, imeingia majini, na sasa tunaigawa kwa vikombe. Papa akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia maji ni mengi, yameimeza asidi, na siku ya ubatizo ikipita atayabadilisha kimya kimya. Kisha akaomba mboga zaidi.

Kwa hiyo jana nikaamua kusema mwenyewe, wakati wa ushuhuda. Nikasimama. Nikasema, "Bwana asifiwe!" Wakajibu, "Amina!" Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Nikasema tena, "Bwana asifiwe!" Wakajibu kwa nguvu zaidi. Kambo, sikuweza kutoka hapo. Niliendelea na Bwana asifiwe mpaka mpiga ngoma akaingia, watu wakaanza kucheza, na mimi nikakaa chini.

Baada ya ibada mama watano wamenikumbatia. Wanasema haujawahi kutolewa ushuhuda wenye nguvu kama ule.

Nifanye nini?

Hadassa


Mwadingusha, 5 Septemba 2025

Hadassa,

Nimekata shauri. Nitakuja Likasi na nitabatizwa tarehe 14, katika maji yenu. Mwambie Pasteri nataka kuwa wa kwanza, kwa heshima ya umri. Na Mlinzi wa Bwawa anipe kikombe kwa mkono wake mwenyewe.

Kanzu nyeupe ninayo. Kitambaa cha kichwa sitavua.

Kambo wako,
Émérence


Likasi, 8 Septemba 2025

Kambo, Kambo mpenzi,

Usije! Labda niliandika vibaya. Labda hukuelewa. Ile rangi si baraka, ni sumu, na imetoka kwenye bidoni ya Papa. Wewe ulishabatizwa mtoni ukiwa msichana, mwenyewe umenisimulia jinsi kiatu chako kilivyokwenda na maji. Mtu anabatizwa mara ngapi?

Mama Viviane amewaambia watu sokoni kwamba mama ya Shemasi anakuja, na Pasteri ameagiza mkeka mwekundu. Walioandikishwa wameongezeka. Wanasema kama mama yake mwenyewe anaingia, basi maji ni ya kweli. Kambo, umefanya jambo liwe kubwa zaidi. Nisamehe kukusemesha hivi.

Ukiwa unanipenda, baki nyumbani. Nitatafuta njia ya kusema. Nakuapia nitasema.

Hadassa


Likasi, 8 Septemba 2025

Mama yangu mheshimiwa,

Nimefurahi mno kusikia unakuja. Ila barabara mwezi huu ni mbaya sana, gari zinaanguka. Tena baridi ya Likasi si nzuri kwa goti. Tena maji ya bwawa ni baridi mno asubuhi. Tena nyumbani hakuna nafasi, kitanda cha wageni kimevunjika. Tena nasikia mkeka mwekundu haujapatikana.

Labda mwaka ujao?

Mwanao mtiifu,
Barthélemy


Mwadingusha, 12 Septemba

Hadassa,

Minye Viviane. Nimefika na barua zenu mbili, yako na ya baba yako, lakini mwenyewe amesha panda gari la asubuhi. Tulipishana njiani, alinipungia mukono. Nazirudisha na kwaya ya watu wa huku wanaokuja kuimba Jumapili.

Nimezisoma. Usinilaumu, hazikufungwa vizuri. Ya baba yako inasema barabara ni mbaya. Barabara ni nzuri, nimelala karibu njia nzima. Yako ndiyo imenitoa jasho. Chupa ngapi nimebeba kwa mikono hii! Ningejua! Nami niko nakuja Jumapili. Nitakaa karibu na kisima na ndoo mbili za maji safi, sabuni na kitambaa. Kambo yako si mjinga, mutoto, lakini ndoo ni ndoo.

Viviane, mwenye samaki


Mwadingusha, 19 Septemba 2025

Hadassa mjukuu wangu,

Nimefika salama. Yule Viviane hakunipa nafasi hata ya kuaga. Alinitoa bwawani kama mtu anayetoa nguo kwenye beseni, akanisugua miguu mpaka ngozi ikalia, kisha gari likapiga honi, nikapakiwa.

Sasa nikuambie ambalo sikuandika. Nisingeweza kuandika, kwa sababu barua hizi zinasomwa na wote wenye kuuza samaki, na zile siku mbili nilizolala kwa Pasteri hawakutuacha peke yetu. Mimi nilikuelewa tangu barua ya kwanza. Niliona hivi: Barthélemy anaweza kumwacha mtu mwingine anywe, akijiambia maji ni mengi. Ni moyo wa uvivu, si moyo mbaya. Nikataka kujua kama anaweza kunipa mimi. Nilisema moyoni, ataniita kabla sijashuka ngazi. Nikashuka. Nikasema, ataniita maji yakifika vifundoni. Yakafika. Yakafika magotini, Hadassa, na yananiwasha, na mwanangu hajasema neno. Hapo niliogopa kweli. Sikuogopa maji.

Nikafumba macho nikafungua mdomo. Kwa hiyo sikuona kitu. Nilisikia vurugu bila kushika maneno, nikasikia mtu anatapika, nikajiuliza kama ni mimi. Halafu Viviane akanishika kwapa. Nikiwa kisimani nikasikia sauti ya mwanamke inasema kwa nguvu mbele ya watu wote, nikadhani ni Mama Carmel.

Niambie yote. Anzia usoni mwa mwanangu.

Kambo wako,
Émérence


Likasi, 22 Septemba 2025

Kambo mpenzi,

Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepoteza sufuria.

Ulisimama pale umefungua mdomo kama kifaranga, na kwaya ikapunguza sauti. Papa akachota kikombe. Akakuangalia. Maji yakadondoka kwenye suruali ya marehemu Kambo. Halafu akakinywa yeye mwenyewe, chote.

Pasteri akamwambia chini chini, "Shemasi! Ni cha mama!"

Papa akaitika kwa kichwa, akachota kingine. Akakuangalia tena. Akanywa na hicho.

"Shemasi Barthélemy, unafanya nini?"

Akachota cha tatu, lakini hakikufika mdomoni. Alitapikia viatu vya Pasteri, vile vyeupe. Pasteri akainua mikono: "Mapepo ya Shemasi yanatoka!" Watu wakaitika, "Yatoke!" Papa akapiga kelele, na machozi: "Si mapepo, Pasteri! Ni asidi! Minye nilimwaga asidi, bidoni nzima, ilikuwa imejaa! Mama yangu hatakunywa! Mutoeni mama yangu!"

Ndipo Mama Viviane akakurukia.

Pasteri akasema, "Alleluia?" kama mtu anayeuliza njia. Papa alikuwa amekaa chini, hawezi kuendelea, na watu wameanza kuangaliana, wengine wanacheka, wengine wameshika matumbo. Nilijua hakuna mwingine anayeweza kueleza. Nikasimama. Nikasema, "Bwana asifiwe." Wakajibu, "Amina." Na safari hii, Kambo, maneno yalikuwepo.

Ile sauti ilikuwa yangu.

Nikawaambia jiwe halina kosa. Kilimani lilikuwa jiwe. Sisi ndio tumelitoa, tukalimwagia asidi, tukafanya sumu nzuri ya kuangalia, tukaipa jina. Nikawaambia wanaotapika waache kunywa na waende kituo cha afya. Nikasema msumari ule haukuwa dhahabu, na kosa ni langu kwa sababu nilinyamaza. Papa Octave akauliza kutoka nyuma, "Na ufunguo wangu?" Nikamwambia, ni chuma chenye ngozi ya shaba, Papa Octave, nyembamba kuliko karatasi. Akauvua shingoni, akauangalia, akaurudisha. Amesema ameshauzoea.

Pasteri sitamsema vibaya. Alivua viatu, akaja pembeni ya bwawa, akaangalia maji. Akasema, "Basi tuyatoe mara moja." Akainama kufungua bomba la kutolea maji.

Kambo, nilipiga kelele ambayo hata mimi sikuijua. Bomba lile linaingia mfereji, mfereji unaingia kijito, na vijito vyetu vyote vinakwenda kwenye mto Lufira, hadi kwenu. "Hapana! Kambo wangu anakula samaki huko!"

Akaondoa mkono kama ameungua.

Tukatia chokaa, ile ya kupaka kuta, gunia baada ya gunia. Buluu ikashuka chini kama uji, maji ya juu yakawa meupe. Tukakomba ule uji kwa makoleo. Magunia yake yako uani, chini ya bati, yamefungwa kwa nailoni, na hakuna anayejua pa kuyapeleka. Nimeuliza ofisi mbili. Ya kwanza ilinituma ya pili, na ya pili ya kwanza. Kesho nitarudi. Sasa hivi nikianza na "Bwana asifiwe" naweza kusema na mtu yeyote, ila katika ofisi wananiangalia vibaya.

Papa alilala siku chache, daktari amemwona, anakula. Kiti chenye mto kimerudi ofisini kwa Pasteri. Adhabu yake ameichagua mwenyewe: anang'oa mawe yale moja moja na kuyarudisha kilimani kwa toroli. Mgongo unamuuma kweli sasa. Jioni nampikia maji ya moto, naye ananiambia kila siku neno lilelile: "Alifungua mudomo, Hadassa. Mama alifungua mudomo kabisa."

Matokeo ya mtihani yametoka. Nimepita.

Je, jirani yako anaendeleaje na nywele?

Mjukuu wako,
Hadassa


Mwadingusha, 24 Oktoba 2025

Hadassa mjukuu wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu mvua imeanza na nilikuwa napanda mihogo. Pongezi kwa mtihani. Nimemwambia kila mtu, hata wasiouliza.

Ulichoandika kuhusu bomba nilikisoma mara nyingi. Huku tunapokea kila kitu mnachokitupa. Maji ya Lufira yamewahi kuja na rangi ambazo sina majina yake, na samaki wamepungua tangu ujana wangu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kusikia mtu wa juu huko akipiga kelele kwa ajili yangu. Wewe uliyekosa sauti mbele ya mwalimu mmoja. Usiache kwenda kwenye zile ofisi. Magunia yasikae chini ya bati mpaka bati litoboke.

Mwambie baba yako nimemsamehe ya maji, na ile ya sufuria pia, ingawa sufuria ilikuwa nzuri. Suruali asirudishe.

Jirani anakusalimu sana. Ndimu ilishindwa, siki ilishindwa, na kitambaa kilikuwa kinamtoa jasho. Mwisho aliomba wembe akanyoa kichwa chote, akakaa ndani wiki nzima kwa haya. Sasa zimeanza kuota tena, fupi kama za mtoto mchanga. Leo asubuhi nilitoka naye nje kwenye mwanga, nikashika kioo, tukaangalia vizuri.

Ni nyeupe.

Kambo wako,
Émérence